Jicho la Serikali na Jicho la Raia

Wadogo zangu mnaotaka kwenda kusomea kazi za hospitali, mimi ni mstaafu. Mkitaka kucheka chekeni sasa mmalize, maana nina mengi ya kusema. Najua mstaafu mliyemzoea ana mvi, ana mkongojo, na ana redio ya kusikilizia matangazo ya vifo. Mimi sina hata jino bovu. Nimestaafu kabla sijaolewa. Ile miaka wenye fedha waliokuwa wakiikopesha Serikali walipoiambia ipunguze wafanyakazi, Serikali iliangaza huku na huku, ikaona wazito hawabebeki, ikatubeba sisi wepesi. Tuliitwa ukumbini, tukapewa soda, tukapigiwa makofi, tukaambiwa tumelitumikia taifa kwa moyo wote na sasa tukapumzike. Nikaenda kupumzika. Nimepumzika mpaka viungo vinauma.

Lakini ustaafu una faida moja: mtu anaruhusiwa kusimulia bila kuulizwa. Basi sogeeni.

Nilikuwa mhudumu katika hospitali moja ya Serikali hapa Dodoma. Kwa elimu yangu ya darasa la saba, na mwandiko ambao mwalimu wetu kule Kondoa alisema unafanana na njia ya mbuzi, nilianza na kupiga deki. Baadaye wakagundua kwamba nina sauti ya kuita jina likafika mwisho wa baraza, wakanipa dirisha la mapokezi. Siku za kliniki ya macho nilimsaidia Sista Anjela, nesi wa macho, mwanamke wa Kigoma mwenye mikono midogo kama ya msichana na ulimi mrefu kama wa wakili.

Yeye ndiye aliyenifundisha vikope. Huku kwetu kwenye vumbi na nzi na maji ya kuchota mbali, vikope ni ugonjwa wa ukoo. Mtu anaugua tangu utotoni, ngozi ya jicho inajikunja, kope zinageukia ndani. Hebu pepeseni macho mara moja. Mmepepesa? Sasa fikirini kwamba kila mkipepesa, mtu anapitisha ufagio wa chelewa juu ya jicho. Hivyo ndivyo wanavyoishi. Wazee wengi hutembea na kibanio cha chuma kimefungwa shingoni, wakipata kivuli wanakaa kung'oana kope.

"Usimsifu mwenye kibanio," Sista Anjela aliniambia. "Kope iliyong'olewa inarudi fupi na ngumu, kama ndevu za mlinzi."

Dawa ya kweli ni kisu kidogo: anachana ngozi ya juu ya jicho, anaigeuza kidogo nje, anaishona, kope zinatazama mbele kama kope za watu. Haichukui muda hata wa kupika ugali na mboga yake. Ila alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata kwa mke wa mkubwa: hashoni macho mawili kwa mpigo. Leo moja, lipone, ndipo jingine. "Jicho moja likiwa na bandeji," alisema, "la pili limpeleke mtu nyumbani." Ikumbukeni sheria hiyo, maana ni nzuri, na ndiyo iliyotuletea balaa.

Kosa langu la kwanza dirishani lilikuwa la salamu. Asubuhi moja alikuja askari magereza, Koplo Kalinga, Mhehe wa Iringa, mrefu, kofia imemkaa pembeni, ameshika mnyororo wa pingu. Mwisho wa mnyororo alikuwapo mzee wa Kigogo aliyevaa sare za mfungwa, macho yanatiririka machozi ingawa mdomo wake unacheka.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," akajibu Koplo.

Yule mzee akageuka. "Wewe Mhehe! Marahaba hiyo ni yangu. Nimefungwa, sijapunguzwa umri." Halafu akanitazama kupitia machozi yake. "Marahaba, mwanangu. Hujambo? Huyu usimwamkie. Kwao salamu wanampa mbwa, ndipo wanampika."

Nikangoja Koplo ampige. Koplo akacheka mpaka pingu zikalia.

Kwa asiyejua, Mgogo na Mhehe ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na adabu ni kucheka. Anaweza kuingia kwako akachukua kuku, ukabaki kumsindikiza. Ukifa, wote wanalia, yeye anafanya fujo kwenye msiba ili watu wakumbuke kuvuta pumzi. Gereza halina kifungu kinachofuta utani. Mwaka mzima wale wawili waliingia hospitalini wakitukanana kwa upendo, na foleni nzima ilisahau maumivu yake.

Mzee huyo ni Mzee Ndahani. Alifungwa kwa sababu ng'ombe wake waliingia shamba la majaribio la zabibu, wakajaribu. Mlinzi alipotaka kuwatoa kwa mawe, mzee akamtoa mlinzi kwa fimbo. Ng'ombe hawakushtakiwa.

Jicho lake la kulia lilishonwa bila shida, maana mfungwa alikuwa anatibiwa bure. Kwa sisi wengine huo ulikuwa wakati mambo yanageuka. Katibu wa hospitali yetu, mtu msafi mwenye kalamu mbili mfukoni, alikuwa ametoka kwenye semina Arusha, akarudi na mkoba wa plastiki na neno jipya: uchangiaji. Alitukusanya barazani akatueleza kwamba zamani wananchi walikuwa wanatibiwa tu, sasa watashiriki. Bibi mmoja wa Msalato aliyekaa kwenye benchi akauliza atashirikije na yeye ndiye mgonjwa. Katibu akasema swali zuri, litajibiwa kwenye semina ijayo.

Siku hizo bima tuliyoijua ilikuwa ya magari. Lori la mahindi likitoka Chemba lilikuwa na karatasi kiooni kuonyesha kwamba likipata ajali kuna mtu atalishughulikia. Utingo wake, aliyelala juu ya magunia, hakuwa na karatasi. Nikiwa dirishani, foleni ikipungua, nilikuwa naota ndoto za mchana. Naota kila mtu ana karatasi yake kama lile lori, akiingia gerezani inaingia naye, akitoka inatoka naye, hakuna anayeiuliza inalala wapi. Sista Anjela akinikuta hivyo ananipiga kibao cha mgongo. "Mwajabu, shuka. Watu wanangoja."

Sasa basi, ikaja sikukuu ya taifa, na kama ada, ikaja na msamaha wa wafungwa. Mzee Ndahani akatajwa. Jicho la kulia lilikuwa limepona vizuri, na la kushoto lilikuwa limepangiwa wiki inayofuata. Koplo Kalinga alinisimulia jinsi mambo yalivyokuwa.

"Naomba nibaki mpaka jicho la pili," mzee alimwambia afisa.

"Babu, msamaha haukataliwi. Ukiukataa hilo ni kosa jingine."

"Basi nifungeni kwa hilo."

Wakamtoa nje ya lango huku wakicheka, wakamtakia maisha mema ya uraiani.

Akaja moja kwa moja dirishani kwangu, hajafika hata nyumbani. Amevaa lubega yake ya zamani, amesimama wima, hana mtu wa kumshika. Nikafurahi kumwona huru. Furaha ikaishia pale nilipotakiwa kumwuliza stakabadhi ya malipo. Hakuwa nayo. Mbuzi wake waliobaki walikwenda kufidia zabibu, na ng'ombe waliokula zabibu walikufa na ukame, kwa hiyo hata ile faida ya zabibu haikubaki. Nikampeleka kwa Katibu, Sista Anjela akafuata nyuma.

"Mzee," Katibu akaanza kwa upole, maana alikuwa mpole kila anapokataa, "jicho la kulia ulitibiwa ukiwa mikononi mwa nani?"

"Mwa huyu mama," akamwonyesha Sista.

"Hapana. Mikononi mwa Serikali. Jicho lile ni la Serikali. Hili la kushoto limetoka gerezani, limekuwa raia. Lichangie."

"Lakini yalikuwa gerezani pamoja. Hata chakula tulikula sahani moja."

"Moja lilitumia nafasi, jingine halikutumia."

Sista Anjela akasema, "Mimi ndiye niliyelizuia lisishonwe siku ile. Ili mzee aone njia."

"Basi Sista, wewe ndiye uliyelichelewesha," Katibu akamjibu, na akafunga kalamu.

Mnaweza kuuliza, si Sista angemshona tu? Uzi na dawa ya ganzi vilikaa stoo. Na stoo ilikuwa na agizo: vitu havitoki bila stakabadhi, isipokuwa kwa mgonjwa wa magereza, na mgonjwa wa magereza anajulikana kwa askari aliyesimama naye. Mtunza stoo hakuwa anatazama ugonjwa. Alitazama kofia.

Kulikuwa na njia nyingine, nayo ni barua ya kijiji kwamba mtu huyu hajiwezi. Mzee Ndahani akaenda kwao, upande wa Msalato, akamwona mtendaji. Mtendaji akamsikiliza vizuri, akamwambia kwamba wasiojiweza wa kijiji walishaorodheshwa, na wakati wa kuorodhesha yeye hakuwapo. Kwa hiyo ni maskini, ndiyo, lakini si maskini wa kijiji hiki. Akamshauri akaulize gerezani kama waliorodhesha.

Siku zikapita. Sista Anjela hakuwa na raha. "Kioo cha jicho kikishageuka cheupe," aliniambia tukiwa tunachemsha vyombo, "hata waje na gunia la fedha mimi sina la kufanya. Kisu changu kinageuza kope, hakirudishi nuru." Siku Koplo Kalinga alipoleta wafungwa wengine, nikamweleza.

Kofia yake ikanyooka. Ndiyo mara ya kwanza kumwona hacheki.

"Mwajabu, mtani wangu akipofuka, mimi nani atanitukana?"

"Hao Wagogo wengine je?"

"Wananitukana. Lakini hawajui kutukana."

Siku yake ya mapumziko, akiwa na sare vilevile, alinipakia nyuma ya baiskeli, na Sista akanipa tochi ndogo nikaliangalie jicho nimletee habari. Tulipanda na kushuka makorongo mpaka makalio yangu yakapata vikope vyake. Tukaikuta tembe yao, paa bapa, mtama umeanikwa juu, na mke wa mzee, Mama Sechelela, anapepeta.

"Mbukwenyi!" Koplo akasalimia kwa sauti, kwa Kigogo chake cha kuokoteza.

"Mbukwa," akajibu yule mama, akaiona sare, ungo ukashuka. "Kuna nini tena?"

"Nimekuja kumkamata mumeo."

"Kwa kosa gani?"

"Kosa la kuwa huru bila kipato."

Sauti ikatoka ndani gizani. "Ni yule Mhehe? Mama Sechelela, wahesabu mbwa kabla hajaondoka." Mzee akatoka akiwa amefunga kitambaa jicho la kushoto. Akanyoosha mkono kusalimia.

Koplo akautazama ule mkono. "Mgogo, mkono huo kama ni wa kuomba, urudishe. Kama ni wa kufungwa, leta na mwenzake."

Walicheka wote wawili, mzee akicheka huku ameinamisha uso, maana kucheka kulimwuma. Nikamkalisha chini. Nikafanya kama nilivyofundishwa: nikamwambia atazame chini, nikainua ngozi ya juu kwa kidole gumba, nikawasha tochi. Kope zilikuwa zimelala juu ya jicho kama miba ya mkalala. Na pembeni, karibu na weusi, kulikuwa kumeanza ukungu. Mdogo, kama pumzi juu ya kioo.

Mama Sechelela alinisoma usoni. "Mwanangu, anafunga kitambaa ili asipepese," alisema. "Anasema akilala kidogo ndiyo anapumzika. Juzi alinipita uani upande wa hilo jicho akaniita jina la dada yangu."

Koplo akaeleza mpango wake. Jumatatu atakuja na pingu, atampeleka hospitalini kama mfungwa. Stoo itaona kofia, uzi utatoka. Mama Sechelela akauliza swali ambalo sisi wawili tulilikwepa njia nzima: na akigundulika?

"Mimi nitafukuzwa kazi," akasema Koplo. "Yeye hawezi kufukuzwa uraia."

"Usifanye hivyo," mzee akasema, na safari hii hapakuwa na utani. "Una watoto."

"Mzee Ndahani, kwenu na kwetu, mtani akitaka kuku anachukua. Mimi sitaki kuku. Nataka mikono yako miwili, asubuhi moja tu. Unaninyima?"

Mtani hanyimwi. Hata mtoto mdogo wa kule anajua.

Jumatatu wakaja. Mzee na lubega yake, mikono mbele imefungwa pingu, Koplo nyuma kifua mbele. Mtunza stoo aliitazama kofia, akatoa uzi na dawa ya ganzi kama mtu anayetoa chumvi. Nikawapitisha kwa Sista Anjela. Sista akamlaza mzee mezani, akaanza kumsafisha jicho. Ndipo Katibu akapita kwenye baraza, akachungulia.

"Huyu si yule aliyesamehewa?"

"Amerudi, mheshimiwa," akasema Koplo.

"Kwa kosa gani?"

"Ng'ombe." Akafikiri kidogo. "Wengine."

"Sare yake iko wapi?"

"Inafuliwa, mheshimiwa."

Katibu akamtazama Koplo, akaitazama lubega, akazitazama pingu. Kisha akasema maneno ambayo namshukuru hadi leo: "Hakuna kitakachofanyika mpaka nipige simu gerezani." Nasema namshukuru kwa sababu aliamini simu.

Wadogo zangu, nyinyi mtakuja kufanya kazi na simu zinazotembea mfukoni, kama wanavyoahidi. Simu yetu ilikuwa nyeusi, nzito, na ilikuwa inapita kwa dada mmoja wa mitambo mjini ambaye ukimkera anakuunganisha na shule ya wasichana. Katibu akaingia ofisini akaacha mlango wazi ili atuone. Tukamsikia: "Halo! Halo! Gereza! Nasema gereza, dada, si garaji!" Akageuza uso ukutani apate kusikia vizuri.

Sista Anjela akanitazama juu ya barakoa. "Mwajabu, mwanga."

"Katibu amesema..."

"Katibu amesema hakuna kitakachofanyika. Mimi nilishaanza kusafisha, hicho ni kitendo. Nimeshavunja. Leta mwanga."

Nikashika taa. Mzee Ndahani amelala chali, mikono yenye pingu juu ya kifua kama anayeomba dua. Sindano ya ganzi ikaingia, hakutikisika. Koplo Kalinga, aliyewahi kukimbizana na majambazi porini, akageukia dirishani na kuanza kuwahesabu kunguru. Kutoka ofisini tukasikia kwamba laini imepatikana ila mpokeaji amekwenda kunywa chai. Sista akachana. Tukasikia kwamba mpokeaji amerudi ila anayejua majina ametoka. Sista akageuza ngozi. Tukasikia: "Ndahani! N kama Nairobi!" Sista akashona. Ufundi wenyewe, jamani, kama mwanamke anayedarizi kitambaa cha harusi yake. Fundo la mwisho lilipokatwa na bandeji kukaa, simu ikawekwa chini kwa kishindo.

Katibu akaja mbio na ushindi usoni. "Huyu ni raia!"

"Basi hongera zake," akasema Sista Anjela, akivua glovu.

Katibu akaiona bandeji. Sijawahi kuona mtu aliyekasirika hivyo kwa sababu mwenzake amepona. "Mmemshona raia kwa uzi wa magereza! Koplo, mfungue mara moja! Raia hafungwi pingu katika hospitali yangu!"

Koplo akajipapasa mfuko mmoja, akajipapasa wa pili.

Kumbe pingu hujifunga zenyewe, lakini kuzifungua ni mpaka ufunguo. Zile alizitungua msumarini asubuhi bila kuaga, na ufunguo hukaa kwa sajenti wa lango. Hakuwaza kufungua. Tulipanga yote, wadogo zangu, tukasahau kwamba mtu akishafungwa kuna siku atafunguliwa. Nadhani hata Serikali ndilo kosa lake.

Gari la wagonjwa, ambalo tangu mvua za mwanzo halikuwa na mafuta, siku hiyo likapata mafuta. Tukapanda wote: Katibu mbele, sisi nyuma, mimi nimemshika mzee bega asije akagonga jicho. Langoni pa gereza sajenti hakutaka kutufungulia.

"Huyu alishatoka," alisema. "Siwezi kumwingiza raia gerezani."

"Amefungwa pingu zenu!" Katibu akafoka.

"Hilo naliona. Lakini ndani ataingia kama nani?"

Ikabidi aitwe Mkuu wa gereza mwenyewe, mtu mnene wa maneno machache. Akasikiliza kila mtu. Koplo Kalinga alisimama wima kama mlingoti na kusema ukweli wote, hakupunguza. Mkuu akamgeukia Katibu.

"Unataka nikuandikie kwamba mtu huyu ni raia?"

"Ndiyo, ili alipie huduma."

"Nikikuandikia hivyo, nitakuwa nimeandika kwamba askari wangu amemteka raia kwa pingu za Serikali, na hospitali yako ikampasua akiwa ametekwa. Mimi nitaitwa Dar es Salaam. Na wewe tutaketi siti moja."

Katibu akagusa kalamu zake.

"Mimi naona hivi," Mkuu akaendelea. "Mtu aliye ndani ya pingu zangu ni wangu. Alipopasuliwa alikuwa ndani ya pingu zangu. Jicho ni la Serikali." Akamwashiria sajenti, ufunguo ukazunguka, pingu zikaanguka. "Sasa amekuwa wako. Mchukue na umdai kuanzia hapa."

Hapo hapakuwa na la kudai. Mzee Ndahani akajisugua vifundo, akasema, "Nimesamehewa mara mbili. Hata zabibu hazikuwa nzuri kiasi hicho."

Koplo Kalinga hakusamehewa. Hakufukuzwa, maana kumfukuza kulihitaji kueleza, na hakuna aliyetaka kueleza. Alipewa uhamisho kwenda gereza la mbali kusini, mahali ambapo hakuna Mgogo. Akiwa anangoja safari, habari zilishatembea kwa miguu mpaka vijijini. Mtu akifika nyumbani kwake kota za magereza alikuta akina mama wa makamo na wazee wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, macho yanatiririka, na Koplo akitokea mlangoni wanasimama na kunyoosha mikono miwili mbele pamoja. Wananyoosha tu. Koplo aliniambia hajawahi kuogopa watu kama alivyowaogopa wale. Wote aliwaelekeza kwa Sista Anjela, na Sista akawa anawaangalia bure, maana kuangalia hakuna stoo. Kushona je? Hapo ndipo walipokuwa wanakwama, na wengi wamekwama hadi leo. Nilitaka niwaambie uongo mzuri, lakini nyinyi ndio mtakaowakuta.

Ikabaki kutoa nyuzi. Mzee Ndahani alikuja mwenyewe asubuhi, bila pingu, bila askari, Katibu akamwona kabla yangu. Akasimama mlangoni kwa Sista.

"Kutoa nyuzi ni huduma," alisema. "Na leo huyu ni raia asubuhi yote."

Sista Anjela hakuinua kichwa. "Katibu, ule uzi ulikuwa wa nani?"

"Wa Serikali."

"Na uko wapi?"

"Kwenye... kwenye jicho lake."

"Raia anatembea na mali ya Serikali kijijini, wiki nzima, na wewe ndiye mwenye stoo." Akachukua mkasi mdogo. "Mimi simtibu mtu. Narejesha mali."

Alizitoa moja moja, akazipanga kwenye kisahani. Alipomaliza akanipa nizipeleke ofisini. Nikazipeleka. Katibu alivitazama vile vipande vyeusi kwa muda mrefu, akanitazama mimi, na naapa kwa Mungu niliona mdomo wake ukitaka kucheka. Ukajizuia. Semina ilikuwa imemfunza vizuri.

Niliporudi, mzee alikuwa amekaa benchi anapepesa. Anapepesa tu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Anafumba, anafumbua, anangoja maumivu, hayaji, anafumba tena. Ule ukungu ulibaki pembeni kidogo kama kovu, haukuingia katikati. Akamtazama Sista, akaniangalia mimi, akanisifu nina pua nzuri. Na hapo Koplo Kalinga akaingia, shati la kiraia, begi mkononi, amepita kuaga kabla ya basi.

Mzee akasimama. Akamtazama kutoka unyayo hadi utosi, kwa macho mawili, taratibu.

"Sista," akasema, "huyu ndiye?"

"Ndiye."

"Mwaka mzima nilikuwa nafuatana na sura hii?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na mmenishona makusudi niione?"

Baraza zima likacheka, na Koplo akacheka kuliko wote, halafu akawa hacheki, akageuza uso kama ile siku ya kunguru. Mzee Ndahani akamsogelea, akamkamata mkono, si kiganjani, pale kwenye kifundo panapokaa pingu, akakaza.

"Twende, Mhehe. Leo nakusindikiza mimi. Ukileta ukorofi njiani nakurudisha."

Wakatoka hivyo hivyo, mzee mbele, Koplo nyuma na begi lake, wakielekea stendi. Nikarudi dirishani. Mama mmoja aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, mgeni, kitambaa jichoni, akawafuatilia kwa shida kwa lile jicho lake lililobaki.

"Dada," akaniuliza, "kati ya wale wawili mfungwa ni yupi?"

Nikatoka nyuma ya dirisha, nikainama mbele yake, nikaandaa kidole gumba.

"Mama, tazama chini kwanza. Nione kope zako."